Bei ya Shamba Lisilo na Njia

Baba mdogo alianza kuuza shamba la mama yangu mama akiwa ndani yake, akichuma mbaazi. Sisemi hivi ili kukoleza habari. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, karai likiwa chini kwenye mstari, watu watatu wakaingia kutoka barabarani na utepe mrefu wa kupimia. Mmoja wao, broka wa viatu vilivyochongoka, alimsalimia vizuri, akamwita susu kama tunavyowaita nyanya zetu, kisha akamwomba amshikie ncha ya utepe pale kwenye kona ya choo. Mama akaacha mbaazi, akashika. Alisimama hapo akiwa ameikaza ncha ile kwa mikono miwili mpaka walipomaliza kupima, na walipoondoka wakamwambia asante susu, Mungu akubariki.

Alinipigia simu jioni nikiwa kwangu Wamunyu, nilikoolewa. Akasema kuna watu wamekuja kupima shamba, na kwamba amewasaidia kushika kamba. Alisema kwa sauti ya mtu aliyempa mgeni maji ya kunywa. Nilimwuliza walitumwa na nani. Akasema baba yako mdogo alikuwa nao, lakini yeye hakuingia, alibaki kule barabarani na simu yake. Hapo nikajua. Mtu akikataa kuingia kwenye uwanja aliochezea utotoni, anajua vizuri anachofanya.

Nieleze kwetu kulivyo, maana siku hizi hata Wakamba wenyewe wakishahamia mjini hujifanya hawajui. Nyanya yangu alikuwa mke wa kwanza wa babu, na hakujaliwa mtoto. Babu akaoa mke wa pili, ambaye alimzaa baba mdogo. Nyanya hakurudi kwao wala hakukaa kulia. Aliuza kahawa yake, akanunua mbuzi na ng'ombe, akaenda kuposa. Alimposa mama yangu. Ni desturi yetu: mwanamke asiye na mtoto huoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isifungwe, na yule anayeolewa hivyo huitwa iweto. Iweto huhesabiwa kama mke wa mwana ambaye nyumba ile haikumpata, watoto wake ni wa nyumba iliyomwoa, na shamba la nyumba ile ni lao. Mwanamume aliyenizaa simjui na sijawahi kumtafuta. Nilikuwa na nyanya aliyetoa mahari yeye mwenyewe ili mimi nipatikane, na hilo lilinitosha.

Mama alizaa mmoja tu, mimi, msichana, tena msichana aliyekwenda kuolewa mbali. Kwa hesabu za baba mdogo, nyumba ya nyanya ilifungwa siku nyanya alipozikwa, na mama alikuwa mpangaji asiyelipa kodi.

Shamba lenyewe liko upande wa Kangundo, kwenye mteremko. Babu aliligawa kwa mstari wa makonge. Sehemu ya chini, inayopakana na barabara, aliipa nyumba ya nyanya. Ya juu, inayoishia kwenye korongo, aliipa nyumba ya mke wa pili. Zamani hizo hakuna aliyeionea wivu ya chini. Barabara ilikuwa vumbi, na ng'ombe wa wapita njia waliingia kula mahindi. Watu wa juu wakienda sokoni au kanisani walipita katikati ya uwanja wa nyanya, naye aliwajazia maparachichi mikononi. Kisha lami ikaja, na nyuma ya lami stima, na nyuma ya stima mabroka. Watu wa Nairobi wakawa wanasimamisha magari kandokando, wanashuka na suti zao, wanatazama mahindi yetu bila kuyaona. Waliona nyumba za ghorofa. Shamba la chini likawa pesa, la juu likabaki shamba.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwa baba mdogo. Alinikaribisha sebuleni, mke wake akaleta chai na mkate. Nilimwuliza ni kweli anauza.

"Mtoto wangu," akasema, "wewe uko na kwako Wamunyu. Huyo mama nitamjengea chumba huku juu, siezi mwacha alale nje. Lakini hiyo shamba ni ya baba yangu, na baba yangu alikuwa na kijana mmoja tu."

"Na nyumba ya nyanya?"

"Nyanya yako alikuwa mwanamke. Mwanamke anaoaje mwanamke? Hayo ni mambo ya giza. Sisi tumeokoka."

Mke wake aliyekuwa akimimina chai alisita, birika likiwa juu. Mimi nilitamani kuimwaga ile chai kwenye zulia lake. Niliinywa yote, nikala na mkate, nikashukuru, nikatoka. Sikutaka tu asiuze. Nilitaka siku moja asimame mbele ya mama yangu, mbele za watu, aseme kwa kinywa chake kwamba yule aliyemwita "huyo mama" ni mke aliyeolewa katika boma la baba yake. Na akishasema, nilitaka imuume.

Hati ya shamba lote ilikuwa bado ina jina la babu, na chifu hakukubali kuandika lolote kabla familia haijakubaliana. Kwa hiyo baba mdogo aliita wazee wa ukoo nyumbani kwake siku ya Jumamosi, akanunua nyama. Asije mtu akadhani walikuwa wazee wa kutoa hekima. Mmoja aliumwa na jino, akawa ameshika shavu muda wote. Mwingine alikuwa na mbuzi wa kuuza sokoni na kila mara alitazama saa. Wote walikuwa wameshasikia harufu kutoka jikoni na walitaka mambo yaishe. Baba mdogo alizungumza kwa muda mrefu, akataja damu, akataja wokovu, akataja maendeleo. Mama aliketi karibu na mlango na mikono yake mapajani.

Nilipopewa nafasi niliuliza jambo moja tu. Siku ya ntheo yangu, nani alikaa kwenye kiti cha baba?

Ntheo ni mbuzi ambao upande wa mume huleta kwa kina msichana. Mmoja huchinjwa, pande mbili zikamla pamoja, na bila mbuzi hao msichana wa Kikamba hajaolewa hata akifungishwa ndoa na askofu. Wakati wangu babu alikuwa ameshafariki. Aliyejisogeza kwenye kile kiti ni baba mdogo. Alipokea mbuzi, akapokea na blanketi la baba wa bibi harusi, akalivaa mabegani pale pale ingawa jua lilikuwa kali. Wazee hawa hawa walikuwepo.

"Kama mimi si wa hapa," nikasema, "basi mlikula mbuzi ya watu bure. Bwana yangu ako hapo nje. Anataka mbuzi zake zirudi. Zirudi na watoto wao, na watoto wa watoto wao, tangu huo mwaka."

Mume wangu alikuwa nje kweli, ameketi kwenye jiwe akichonga mwiko, maana ni mchongaji na mikono yake haijui kutulia. Hakuwa ametaka mbuzi wowote. Alikuja kwa sababu nilimwambia aje akae pale na asiseme kitu. Wazee walimchungulia dirishani, wakamwona na kisu chake, wakatazamana.

Mzee wa jino akakohoa. "Huyu msichana ni wetu," akasema. "Mimi mbuzi yake nilikula. Siezi sema sikukula."

Yule wa kutazama saa naye akasema alikula. Dakika chache baadaye wote walikuwa wamekula, na kila nyumba ikabaki na upande wake wa makonge. Baba mdogo alicheka, akasema tulikuwa tunajadiliana tu, hakuna ubaya. Alimpa mama mkono lakini hakumwita shemeji, wala hakumtazama.

Mtu mwema angeishia hapo. Shamba la mama lilikuwa limepona. Lakini mimi nilikuwa nimekunywa ile chai, na ilikuwa bado haijashuka.

Alipokuja mpimaji kuigawa hati iwe mbili, ndipo baba mdogo alipojiumiza mwenyewe. Naapa sikumsukuma. Mpimaji alipigilia vigingi kwenye mstari wa makonge, akafuta jasho, akauliza njia ya kwenda juu tunaiacha wapi. Alieleza kwamba kila upande ungetoa kipande chembamba, barabara ipande kutoka kwenye lami hadi kwenye korongo. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kuhesabu ploti zake kichwani. Kipande chembamba kwake kilikuwa ploti nzima.

"Kata yote," akasema. "Njia iko. Sisi tunapitanga hapo kwa huyo mama tangu tuzaliwe. Nani atatuzuia?"

Mpimaji akanigeukia. "Na nyinyi mnasemaje?"

Kwetu njia ya kupita nyumbani kwa ndugu haipimwi. Mtu akianza kuipima ataonekana mchawi. Baba mdogo alikuwa mtoto wa desturi hiyo hiyo aliyoiita giza, na aliitegemea bila kujua kwamba anaitegemea. Mimi nilijua. Niliona jambo lote mbele yangu, tangu pale tuliposimama hadi mwisho wake, na nikahisi raha hadi kwenye meno.

"Akisema njia iko, iko," nikajibu.

Tukatia sahihi.

Aliuza lile la juu haraka. Aliweka kibao barabarani, kwenye ukingo wa shamba letu, bila kuniomba ruhusa: ploti zinauzwa, maji na stima karibu, barabara ipo. Broka wa viatu vilivyochongoka alirudi na wateja wake, safari hii wakipita uwanjani kwetu kwenda juu, na mimi niliyekuwa nimehamia kwa mama kwa muda niliwasalimu wote. Wengine niliwapa maji. Mwanamke mmoja aliniuliza kama majirani ni watu wazuri, nikamwambia wazuri sana. Alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu pale Tala, mtu wa Murang'a, mwenye sauti ya kuita wateja hata akizungumza nawe ana kwa ana. Alilipa taslimu kama wenzake. Baba mdogo hakutaka mambo ya kulipa polepole. Alitaka pesa mkononi, na alizipata.

Alinunua gari. Aliweka vigae kwenye sebule ile ya chai. Alinunua shamba jingine la bei ya chini upande wa Ndithini, kule jua linakowaka, akasema hilo ni la akiba. Jumapili alikuwa akiliendesha gari katikati ya uwanja wetu polepole, kioo kimeshushwa, akipiga honi ili kuku wapishe. Mama alikuwa akiwaita kuku wake pembeni na kumngojea apite. Mimi nilisimama mlangoni na kumpungia mkono. Kila honi niliiweka moyoni.

Nilisubiri mpaka ploti zote ziuzwe isipokuwa ile yenye nyumba yake. Kisha nilitengeneza ua. Nguzo za mierezi, waya wa miiba, na mbele kabisa, penye lami, lango la chuma. Fundi aliniuliza nataka lango la kuingiza gari au la watu. Nikamwambia la kuingiza lori.

Lori la kwanza la mawe lilifika Jumatatu. Lilikuwa la yule mama wa vitunguu. Dereva akapiga honi, nikatoka, nikamwambia hakuna barabara hapa, hili ni shamba la mtu. Aliniambia ameonyeshwa njia. Nikamwambia aliyemwonyesha ampe. Lori likageuka na mawe yake. Kabla jua halijawa juu sana, mwenyewe alikuwa langoni.

"Mama, si wewe ulinipea maji? Si uliniambia hii mtaa ni nzuri?"

"Ni nzuri. Lakini sikuuzia wewe."

"Sasa mimi nimekukosea nini?"

Hakuwa amenikosea. Ni swali pekee lililoniuma katika kisa hiki chote, na nililijibu kwa kumwonyesha kidole nyumba ya juu. Nenda umwulize yeye, nikamwambia. Akaenda, si peke yake. Aliwapigia simu wenzake wote walionunua, na kufikia jioni walikuwa wamemkalia baba mdogo kwenye vigae vyake vipya, kila mmoja akitaka barabara au pesa zake.

Pesa zilikuwa zimekwisha. Baba mdogo alisema atanipeleka kortini. Alimwona wakili, wakili akamwambia huenda akashinda, watu hawawezi kufungiwa kabisa bila njia, lakini korti haina haraka. Waliouziwa walikuwa na haraka. Mama wa vitunguu alianza kwenda kanisani kwake, anakaa benchi la nyuma yake, na ibada ikiisha anamsalimu kwa sauti ile ya sokoni: "Bwana asifiwe, barabara yangu iko wapi?"

Ikawa lazima aje kwangu. Alikuja kwa miguu, maana gari lilikuwa limefungiwa ndani. Wanunuzi walikuja nyuma yake kama watu wanaomsindikiza mwizi kwa chifu. Mimi na mama tulikuwa upande wa ndani wa lango, yeye na wanunuzi wamezunguka kwenye korongo na kutokea upande wa nje, wametapakaa matope.

"Mtoto wangu," akaanza, "sisi ni watu wa nyumba moja."

"Nyumba gani?"

Akatazama chini.

"Waambie hawa watu nyumba gani," nikasema. "Huyu hapa ni nani yako?"

Mama wa vitunguu akamgusa bega. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, kwamba huyu ni shemeji yake, aliolewa hapa, alitolewa mahari, na mimi ni mtoto wa boma la baba yake. Nikamwambia wale wa nyuma hawajasikia. Akasema tena. Nikamwambia amtazame anayemtaja. Akainua macho, akamtazama mama yangu, akasema mara ya tatu, na uso wake ulikuwa umevimba kwa aibu.

Nilikuwa nimeingojea saa ile kwa muda mrefu, na ilikuwa tamu. Sitadanganya kwamba kulipiza kisasi huacha ladha mbaya mdomoni. Wanaosema hivyo labda hawakulipiza vizuri. Nilitosheka. Nilitia mkono mfukoni nikatoa ufunguo wa kufuli.

"Ngoja," mama akasema.

Mama yangu si mtu wa maneno. Katika mambo yote haya, tangu ile siku ya utepe, nilimtetea nikidhani kwamba ameshasamehe, na kwamba mimi ndiye niliyebeba hasira yake kwa kuwa yeye hana. Nilidhani atasema yaishe. Alisogea karibu na lango na kuwatazama wale wanunuzi mmoja mmoja.

"Hawa walinunua," akasema. "Tuwauzie njia. Wapite na magari yao, na watoto wao. Mke wake pia apite, yeye aliolewa hapa kama mimi." Kisha akamgeukia baba mdogo. "Wewe hukununua kitu. Wewe utapitia huko umetokea, korongoni."

Baba mdogo alicheka akidhani ni mzaha. Akanitazama nimsaidie. Nikarudisha ufunguo mfukoni.

Tuliuza ile njia kwa wanunuzi, kipande chembamba kutoka kwenye lami hadi kwenye makonge, kwa bei ya ploti za kando ya lami. Walilalamika, wakachanga, wakalipa taslimu, na kila walichotoa waliapa kwamba watakitoa mfupani mwa baba mdogo. Wakili aliandika kwamba barabara ni yao na yetu, na kwamba lango litabaki. Kila mmoja akapewa ufunguo. Sharti la mama liliandikwa pia, ingawa wakili alivua miwani na kuuliza kama tuna hakika. Atakayempitisha yule bwana atarudisha ufunguo wake. Mama wa vitunguu ndiye aliyetia sahihi wa kwanza, akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Basi mtaa ukajengwa. Malori yakapanda, nyumba zikainuka, watoto wakaanza kushuka na baiskeli. Mke wa baba mdogo alipita kila siku na kikapu chake, na mama alimwita ndani kunywa uji. Baba mdogo alishukia korongoni. Gari lake alilifikisha lami siku moja tu, kabla lango halijaanza kufungwa kwa sharti jipya, na baada ya hapo alililaza kwenye uwanja wa mwenye bucha kando ya lami, akimlipa alinde. Asubuhi tulimwona akiteremka kwenye mawe ameshika viatu mkononi, suruali imekunjwa, akivuka matope, akipanda upande wa pili akishika mizizi. Akifika barabarani anavaa viatu. Mama alikuwa na kiti chake pale langoni, anachambua mbaazi. Hakumtukana hata siku moja. Alimsalimia, "Wĩ mũseo?", nayo ni kuuliza tu kama mtu yuko salama, na baba mdogo alilazimika kuitikia.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, korongo likajaa. Alibaki ng'ambo hadi maji yapungue, na mara nyingine alilala kwa mwenye bucha. Nilimwuliza mama kama haitoshi. Akaniuliza mimi nilikuwa wapi yeye alipokuwa akiitwa mke wa mwanamke, tangu akiwa msichana, kisimani, kanisani, na kila alipopita. Nilikuwa sijazaliwa, nikamwambia. Akasema ndiyo maana naona inatosha.

Baba mdogo akaanza kutafuta mteja wa ile ploti ya mwisho, yenye nyumba. Kila mteja aliyeletwa na broka aliuliza njia, akaonyeshwa korongo, akaaga. Broka mwenyewe alichoka. Viatu vile havikuwa vya kushukia kwenye mawe. Mwishowe alikuja kwetu, akakaa mbali kidogo na mama, akaniambia kwa adabu kwamba mzee yuko tayari kuuza, na kwamba ni kwangu mimi peke yangu shamba lile lina maana.

"Bei gani?" nikauliza.

Akataja bei ya mtaa, nyumba na vigae.

"Hiyo ni bei ya shamba iko na njia," nikasema. "Nitajie ya hii."

Alienda na kurudi mara nyingi, kila mara bei ikiwa imeshuka kidogo, na kila mara nilimpa chai na mkate. Mke wa baba mdogo, ambaye bila ridhaa yake ploti isingeuzwa, alikuja kutuambia kwamba yeye amekubali, amechoka kumfulia nguo za matope. Tulinunua. Tulilipa taslimu, kwa pesa zile zile wanunuzi walizotulipa kwa njia. Hakuna siku nimeona pesa zikifanya kazi nzuri namna ile.

Walihama kwenda Ndithini siku ya jua. Sasa lori la kubeba vyombo lingepita wapi? Lilipanda kwa ufunguo wa mama wa vitunguu, ambaye alikuja kuomba ruhusa kwanza. Mama akamwambia apande, halina ubaya, ploti ni yetu na lori limekuja kuisafisha. Wakapakia makochi, vitanda, sufuria, mabati ya banda. Baba mdogo alitaka kushukia korongoni kama kawaida, lakini mama akatuma mtu amwambie apande na yeye kwenye lori. Leo anaruhusiwa. Anatoka.

Alikaa mbele, katikati ya dereva na mke wake. Mama mwenyewe ndiye aliyefungua lango. Alilisukuma mpaka mwisho, akasimama akilishikilia kwa mikono miwili, na nyuma ya lori kulikuwa na foleni: gari la mwalimu mmoja, bodaboda, na mama wa vitunguu na mkokoteni wake. Lori lilipofika usawa wa mama, baba mdogo akamwambia dereva asimame. Akajikunja juu ya mke wake, akatoa kichwa dirishani. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nadhani alitaka kuomba msamaha, na huenda safari hii ulikuwa wa kweli, kwa kuwa hapakuwa na kitu tena cha kupata.

"Shemeji," akasema.

"Endeni," mama akasema. "Mnazuia watu barabara."